Sura ya Tano: Maneno ya Aliyeandika

Mkulima wa Mbozi akikuta majani ya mahindi yake yametobolewa na moyo wa kila mche umejaa kinyesi cha mdudu, huchukua simu na kuandika kitu kama hiki: *dawa ya wadudu wa mahindi*. Mtambo wa kutafuta utamletea kurasa tele, na zote zitakuwa zimemtendea haki. Zitamweleza habari za dumuzi, ambaye ni mdudu wa ghalani. Zitamwonyesha funza wa mabua. Zitampeleka kwa muuzaji wa dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka, maana hiyo nayo ni dawa, wadudu wametajwa, na mahindi yamo. Ametaja maneno matatu yanayopatikana karibu katika kila ukurasa wa kilimo cha mahindi ulioandikwa kwa Kiswahili, kisha anashangaa kuletewa kila ukurasa.

Akiandika *viwavijeshi vamizi*, mambo hubadilika. Hilo ndilo jina ambalo maofisa ugani na watafiti wa Tanzania humwita kiwavi aliyetoka Amerika, akaripotiwa Afrika Magharibi na ya Kati mwaka 2016, na kufikia 2017 akawa ameshaingia mashamba ya Kenya na Tanzania. Neno *vamizi* ndilo lenye kazi kubwa hapo. Viwavijeshi wa zamani, wale wanaotembea kwa makundi na kumaliza hata nyasi za malisho, ni wadudu wengine, na hupigwa vita kwa njia nyingine. Akiongeza jina la kisayansi, *Spodoptera frugiperda*, atafikia miongozo ya mashirika ya kilimo FAO na CABI na matokeo ya utafiti wa nchi nyingi, kwa sababu jina hilo halibadiliki hata lugha ikibadilika. Kama hajui jina lolote kati ya hayo, aeleze alichokiona kwa maneno ambayo bwana shamba angeyatumia: kiwavi, moyo wa mhindi, matundu kwenye majani machanga. Ukurasa wa kwanza atakaoupata utampa jina, na kwa jina hilo atatafuta upya.

Hakuna utaalamu wa kompyuta katika hilo. Mtambo hauna jibu la swali lako mfukoni. Unatafuta ukurasa ambao mtu fulani ameshauandika, mahali fulani, kwa maneno aliyoyazoea yeye. Kabla ya kugusa kisanduku cha kutafutia, jiulize ni nani hasa anayeweza kuwa ameandika unachokihitaji, na yeye angekiitaje. Yote yanayofuata katika sura hii yanatokana na swali hilo.

Unapobonyeza kitufe cha kutafuta, Google haitoki mbio kwenda kuzunguka intaneti. Programu zake zilishazunguka kabla, zikifuata kiungo kimoja hadi kingine, zikisoma kurasa na kuzitengenezea faharasa ya aina ile inayowekwa mwishoni mwa vitabu vya historia: neno, kisha orodha ya kurasa ambamo neno hilo limo. Unachopekua ni faharasa hiyo. Ukurasa ambao haukuingizwa humo hautaletwa, hata kama upo na ni mzuri.

Kazi ya kuorodhesha ilianza kabla wavuti haijaenea. Mwaka 1990 Alan Emtage, mwanafunzi kutoka Barbados aliyekuwa Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, alitengeneza Archie, iliyoorodhesha majina ya mafaili yaliyowekwa wazi kwenye kompyuta mbalimbali. Iliyajua majina tu, haikujua kilichoandikwa ndani. AltaVista, iliyofunguliwa Desemba 1995, ilisoma maneno yote ya ukurasa, na hapo likazuka tatizo jipya: neno moja likiwa katika kurasa laki kadhaa, upi utangulie? Larry Page na Sergey Brin wa Stanford walilijibu mwaka 1998 kwa kutazama viungo. Ukurasa unaoelekezewa na kurasa nyingi, hasa zile ambazo nazo zinaelekezewa na nyingi, hupandishwa juu. Google ilizaliwa hapo. Jibu lao lilikuwa zuri, ila lina tabia moja ambayo mtafutaji hana budi kuikumbuka: kinachoelekezewa na wengi hukitangulia kinachohitajiwa na wachache.

Mtu ambaye tunapaswa kumshukuru zaidi hatajwi sana. Karen Spärck Jones, mtafiti wa Cambridge, alichapisha mwaka 1972 hoja inayosikika kama jambo la kawaida kabisa: neno linalopatikana katika nyaraka chache lina uzito kuliko neno linalopatikana katika nyaraka nyingi. Hoja hiyo iliingia katika misingi ya mifumo ya kutafuta iliyofuata. Kwa mtumiaji wa simu maana yake ni kwamba katika maneno manne aliyoyaandika, lile adimu ndilo linaloamua. *Dawa* limo kila mahali. *Vamizi* limo pachache. Maneno ya adabu, kama vile naomba kujua au tafadhali nisaidie, yanapendeza ukizungumza na watu, lakini hapa hayana pa kukusaidia.

Najua mitambo ya leo imekwenda mbali. Oktoba 2019 Google ilianza kutumia mfumo uitwao BERT, unaosoma uhusiano wa maneno badala ya kuyahesabu moja moja. Mfano walioutoa wenyewe ulikuwa wa Mbrazili anayeuliza kama anahitaji viza kuingia Marekani: zamani mtambo ulimletea habari za Wamarekani wanaokwenda Brazili, kwa sababu haukujali neno dogo linaloonyesha nani anakwenda wapi. Kwa hiyo swali refu lililoandikwa kwa sentensi nzima si kosa tena, na kwa Kiingereza mara nyingi hufanikiwa. Kwa Kiswahili nisingelitegemea sana. Mitambo hii hujifunza maana kwa kusoma maandishi mengi mno, na Kiswahili kilichomo mtandaoni ni kidogo sana ukikilinganisha na Kiingereza.

Tena lugha yetu ina umbo lake. Maneno ya Kiingereza hubadilika zaidi mkiani, na tangu Martin Porter atoe kanuni zake mwaka 1980 kompyuta zimezoea kukata mikia ili neno la umoja likutane na la wingi. Sisi hubadilisha kichwa. Jino huwa meno, ukuta huwa kuta, na kitenzi kimoja hubeba mtendaji, wakati na mtendwa kabla hujakiona kiini chake. Kadiria kwamba mtambo haujui kuwa *jino* na *meno* ni jambo moja, kisha uandike yote mawili: *kung'oa jino OR meno*. Neno hilo OR huambia Google ilete ukurasa wenye lolote kati ya hayo mawili, nalo liwe kwa herufi kubwa, la sivyo litachukuliwa kuwa neno la kawaida. Kwa vitenzi, jina huwa salama zaidi: *upandaji wa miparachichi* utakupa miongozo, wakati *nimepanda parachichi* itakupa masimulizi. Kiswahili sanifu na cha mtaani navyo huachana. Wengi huandika *namba ya NIDA*, lakini nyaraka za mamlaka yenyewe ya vitambulisho husema Namba ya Utambulisho wa Taifa. Ukitaka maoni ya watu waliokwama, tumia la mtaani. Ukitaka utaratibu, tumia la ofisini.

Maneno yenye maana zaidi ya moja yana suluhisho rahisi. *Simba* peke yake ni klabu ya Msimbazi, ni mnyama, ni mhusika wa filamu ya Disney ya mwaka 1994, na ni saruji. Ongeza neno moja la jirani na utata huisha. Anayetafuta mbuzi wa nyama na anayetafuta mbuzi ya kukunia nazi hawana haja ya kugombana, mradi wa pili asisahau kutaja nazi.

Kuna mifano migumu zaidi, na mmoja unastahili kukaa nao. Chukua mwanafunzi anayetaka kujua Kinjeketile Ngwale alikuwa nani hasa, yule mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa na akanyongwa na Wajerumani huko Mohoro Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa vimeanza tu. Akiandika *Majimaji* kwa neno moja, atakutana na klabu ya soka ya Songea na uwanja wake. Akiandika *vita vya Maji Maji*, atapata muhtasari wa darasani: 1905 hadi 1907, kodi, pamba ya kulazimishwa, milima ya Matumbi. Akiandika *Kinjeketile*, atazama katika tamthilia. Ebrahim Hussein aliichapisha mwaka 1969, ikasomwa shuleni miaka na miaka, na kila kizazi cha wanafunzi kimeacha mtandaoni uchambuzi wa wahusika, dhamira na mandhari. Mtu mwenyewe amefunikwa na kazi ya fasihi iliyomtukuza.

Njia ya kwanza ni alama ya kutoa. *Kinjeketile -tamthilia -Hussein* huondoa kila ukurasa wenye maneno hayo, kwa sharti kwamba alama igusane na neno linalofukuzwa bila nafasi katikati. Lakini ni panga linalokata pande zote. Makala nzuri ya historia ikitaja tamthilia hiyo katika sentensi moja tu, nayo imeondoka. Mimi huitumia mwishoni, baada ya kuona takataka ni za aina gani.

Njia bora ni kuuliza wanahistoria walimwandikaje. Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee na kuhariri pamoja na John Iliffe kitabu cha kumbukumbu za vita hivyo kilichotoka mwaka 1968, aliandika *Kinjikitile*, kwa i mahali pa e. Herufi mbili, na fasihi yote inapungua mbele yako huku historia ikijitokeza. Ongeza *Gwassa* na utakuwa umeingia chumba cha watafiti, kwa kuwa watafiti hutajana. Ongeza *Bokero*, jina jingine alilojulikana nalo, na utafikia maandishi ambayo hayana hamu na mtihani wa kidato cha nne.

Kisha jiulize nani mwingine aliandika. Waliomnyonga waliandika sana, na waliandika kwa Kijerumani. *Maji-Maji-Aufstand* ndilo jina la vita hivyo katika lugha yao. Gavana wa wakati huo, Gustav Adolf von Götzen, alichapisha mjini Berlin mwaka 1909 kitabu chake kuhusu maasi ya 1905 na 1906, na ukiliweka jina la *Götzen* pamoja na *Kilwa* au *Matumbi* unaanza kuona vita kwa jicho la upande wa pili. Huhitaji kujua Kijerumani ili kutafuta kwa Kijerumani. Unahitaji maneno mawili au matatu sahihi. Kusoma utasaidiwa na programu ya kutafsiri, kwa tahadhari. Ndivyo ilivyo pia kwa Mswahili wa Lubumbashi au Bujumbura anayetafuta sheria ya nchi yake: sheria nyingi huko zimeandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo *Journal officiel* kwa Kongo, au *Bulletin officiel* kwa Burundi, pamoja na jina la sheria kwa Kifaransa vitamfikisha upesi kuliko Kiswahili chake kizuri.

Baada ya maneno, mahali. Ukishajua ofisi iliyoandika, uamuru mtambo usitoke nje ya uzio wa ofisi hiyo. Amri ni *site:* ikifuatwa na anwani bila kuacha nafasi baada ya nukta pacha. *Sensa 2022 idadi ya watu site:nbs.go.tz* itakupeleka Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambako ndiko ilikotoka hesabu ya watu 61,741,120, badala ya kurasa mia zilizonukuliana na nyingine zilizokosea tarakimu. Ukiongeza *filetype:pdf* utapata ripoti zenyewe, kwa sababu serikali zetu hupenda kutoa ripoti kwa umbo hilo. *Site:go.tz* peke yake hukagua tovuti zote za serikali ya Tanzania kwa mkupuo.

Kenya ina mtego hapa, na sijui ni wangapi umewanasa. Mtu hudhani kila ofisi ya umma iko chini ya go.ke. Shirika la Takwimu, lililohesabu Wakenya 47,564,296 mwaka 2019, liko knbs.or.ke. Baraza la Mitihani liko knec.ac.ke. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, liko kalro.org. Ukijifungia ndani ya *site:go.ke* utahitimisha kwamba serikali haikuandika kitu, kumbe imeandika mlango wa pili. Hukumu za mahakama vivyo hivyo: za Tanzania zitafute TanzLII, za Kenya zitafute Kenya Law, na zote mbili hazimo ndani ya uzio wa serikali. Kwanza ijue anwani ya ofisi, ndipo uweke uzio.

Alama za kunukuu zina kazi yake ya pekee. *"Sheria ya Ardhi ya Vijiji"* ndani ya alama hizo huleta kurasa zenye maneno hayo kwa mpangilio huo huo, na bila alama utapata kila mgogoro wa ardhi kijijini. Zitumie kwa majina ya sheria, majina ya watu na sentensi uliyotumiwa kwenye WhatsApp unayoishuku. Sentensi ya uongo ikiwekwa ndani ya alama za kunukuu mara nyingi hujionyesha ilikowahi kupita, wakati mwingine nchi nyingine na miaka kadhaa iliyopita. Usizitumie kwa wazo lako mwenyewe, maana hakuna aliyewahi kuliandika kwa maneno yako hasa.

Kwa mambo yanayochacha, kama bei, ruzuku na nauli, weka tarehe: *mbolea ya ruzuku after:2025-01-01*. Bila hivyo ukurasa wa zamani wenye viungo vingi utautangulia wa jana.

Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni umepitwa na wakati. Alama ya kujumlisha, iliyolazimisha neno liwemo, Google iliifuta mwaka 2011. Alama ya wimbi, iliyoleta visawe, iliondoka 2013. Nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa na Google yenyewe iliondolewa 2024. Siku hizi ukurasa uliofutwa utafute katika Wayback Machine ya Internet Archive, ambako huenda ulihifadhiwa. Anayekufundisha mbinu za 2009 hana nia mbaya, ila usipoteze bando kwa alama ambazo mtambo hauzisomi tena.

Kitu kipya kinachohitaji macho ni ule muhtasari wa akili bandia unaokaa juu ya matokeo. Ulipofunguliwa kwa umma Marekani Mei 2024, haukuchukua wiki kadhaa kabla haujamshauri mtu atie gundi kwenye piza ili jibini isidondoke. Ulikuwa umeokota utani wa miaka mingi nyuma kutoka Reddit na kuusoma kama mapishi. Tangu hapo umeboreshwa, na kwa jambo dogo unatosha. Lakini muhtasari hautaji umri wa habari wala sababu ya mwandishi kuandika. Kipimo cha dawa ya shambani, dozi ya mtoto, siku za mwisho za kukata rufaa: kwa mambo hayo fungua ukurasa wenyewe, tazama ni wa nani na wa lini. Google ina pia kichujio cha kuonyesha kurasa tupu bila muhtasari, kipo kwenye orodha iliyo juu ya matokeo. Na yale matokeo ya kwanza kabisa yenye alama ya tangazo yamelipiwa. Anayetafuta kazi serikalini Tanzania hana sababu ya kuandika *ajira mpya* na kuanguka mikononi mwa anayeomba pesa ya usaili. Aende moja kwa moja kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, ajira.go.tz.

Na kuna wakati utatafuta kwa kila jina, kwa umoja na wingi, kwa lugha tatu, usipate. Huenda kitu hicho kimo katika kundi la WhatsApp, ambamo mitambo haiingii. Huenda kimo ndani ya faili la karatasi katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam au Moi Avenue, Nairobi, na huko bado huendwa kwa miguu.

Mara nyingi zaidi, kipo mtandaoni lakini kimefichwa na aliyekiweka. Tangazo la halmashauri limepigwa picha likiwa na muhuri, mshazari, kivuli cha mkono kikiwa juu yake, likapandishwa Instagram bila neno hata moja la maelezo. Ripoti nzuri ya mradi wa maji imepewa jina *scan0012* na kichwa chake hakikuandikwa popote. Mtafutaji, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kulipata neno ambalo halikuandikwa. Kwa hiyo wewe unayefanya kazi ofisini, shuleni au kwenye chama cha ushirika: unapoweka taarifa mtandaoni, iweke kama maandishi, lipe faili jina la kinachosemwa ndani yake, taja mwaka na wilaya, na katika aya ya kwanza andika jina la kitaalamu na lile ambalo watu wa mtaani kwako hulitumia.